Chumba kwa Mama Nyirangabo

Jumapili, 16 Agosti 2015, Louisville

Leo Tonton Mugisho na Tantine Charlotte wamehamia Columbus, mimi nimebaki.

Tantine ni mdogo wa marehemu mama yangu. Amenilea tangu Bukavu, akanibeba mpaka kambini Uganda, na mwaka jana tulipopata ndege ya kuja Amerika aliniandikisha kama mtoto wake. Sasa mume wake amepata kazi kwenye bohari kubwa huko Columbus, na alitaka twende wote. Lakini mimi nimekubaliwa chuo hapa. Masomo yanaanza wiki ijayo. Nikiyaacha nitaanza upya kusubiri, na kusubiri nimeshasubiri kambini mpaka kukatosha. Tantine alilia siku mbili, kisha akasema, "Bon, soma. Kama unashinda bure, nitakuja kukuchukua na masikio."

Padri wetu ndiye aliyenitafutia chumba, hapa Highview, kwa mama mmoja mjane. Jina lake tulilisikia tukiwa tayari ndani ya gari: Nyirangabo. Tonton aliondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, gari likapunguza mwendo lenyewe.

"Ni Munyamulenge," alisema.

"Tonton, ni mama muzee tu."

Wakati wa vita, watu wenye bunduki waliosema lugha ya Wanyamulenge, wafugaji wa milimani kule Kongo, walimkamata mdogo wa Tonton, Masumbuko, kwenye barabara ya Uvira. Hakuonekana tena. Nimekulia katika nyumba ya Tonton, na katika nyumba hiyo, lugha ile ikisikika redioni, redio inazimwa.

Alinipandishia masanduku hadi mlangoni, akayaweka juu ya mkeka, akashuka. Hakuingia. Mama Nyirangabo alikuwa ameshafungua mlango. Alimtazama akishuka ngazi mpaka mwisho, kisha akanigeukia: "Karibu, mwana. Chai iko."

Nilikunywa. Sikumaliza.

17 Agosti

Nimelala na kiti nimekiegemeza mlangoni.

Jumatatu, 24 Agosti

Siku ya kwanza ya chuo. Nilipanda basi la kwenda mjini, nikapitiliza kituo, nikarudi kwa miguu nikitoka jasho kama mtu aliyebeba makaa. Nilifika darasa la Kiingereza wote wameshakaa. Mwalimu, Bi. Brenda, ni mama mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alisema tuandike kila siku kitu chochote, kwa lugha yoyote, ili mkono uzoee. Hatasoma. Donc, ninaandika.

Nyuma yangu anakaa Sipriani, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Nilimwomba kalamu kwa Kiswahili. Akacheka. "Dada, hicho ni Kiswahili au mvua juu ya mabati?"

Nimeamua kuandika humu kwa Kiswahili chake, siyo kile chetu cha Bukavu. Siku moja nitamsomea ukurasa mmoja, anyamaze.

Mchana nina biolojia. Nikifaulu biolojia na Kiingereza, mwezi wa kwanza nitaingia masomo ya uuguzi.

27 Agosti

Biolojia. Sikuelewa kitu isipokuwa neno "maji".

Jumapili, 6 Septemba

Lazima niandike juu ya sala.

Mama Nyirangabo anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Anaondoka alfajiri, anarudi alasiri miguu imevimba, anaiweka ndani ya beseni la maji ya chumvi, na anaanza kusali kwa sauti. Kwa lugha yake. Mimi nikiisikia, mwili wangu unajikunja wenyewe. Najua ni mama anayemwomba Mungu. Kichwa kinajua. Mgongo haujui.

Leo nilikuwa naosha vyombo akaanza. Nikafunga bomba, nikasimama. Naye akanyamaza katikati ya neno.

"Uko naogopa luga yangu?"

"Apana, mama."

"Usinidanganye. Kila siku nikiomba, unafunga maji, unasimama sawa mutu amesikia bunduki."

Sahani ilikuwa inadondosha povu juu ya mguu wangu. Alitoa miguu kwenye beseni, akaipangusa polepole, mmoja, halafu mwingine.

"Bon," alisema. "Mungu anasikiaka na Kiswahili."

Akaendelea kwa Kiswahili.

9 Septemba

Sala yake ya Kiswahili ni fupi kuliko ile nyingine, maneno yanamwishia. Leo alisimama katikati akanipigia kelele chumbani: "Nzigire! Kusema 'humura' kwa Kiswahili ni nini?" Nikamuuliza maana yake. "Ni vile unaambiaka mutoto akiogopa." Nikasema labda "usiogope". Akalijaribu mdomoni. "Ni refu," alilalamika, lakini alilitumia.

15 Septemba

Mtihani mdogo wa biolojia. Nimeanguka. Sipriani naye ameanguka, lakini yeye anaanguka huku anacheka.

19 Septemba

Nasoma mezani kwa sauti, maana nisiposoma kwa sauti nasinzia. Mama Nyirangabo anavuta kiti karibu, anakunja mikono, ananisikiliza kama niko kwenye mimbari. Haelewi hata neno moja. Baada ya muda kichwa kinaanguka kifuani. Nikinyamaza anaamka: "Soma, niko nasikia!"

Nimegundua leo kwamba kiti changu kimekaa mezani wiki nzima. Sijakirudisha mlangoni.

Jumapili, 4 Oktoba

Mimi huenda misa ya Kiswahili kwenye parokia yetu. Yeye huenda kwenye kanisa lao, mtaa wa Shively, ambako ibada inaanza asubuhi na kumalizika watu wakishaona njaa. Leo alirudi na koti. Mabibi wa kanisa walikuwa wanagawa nguo za baridi, naye alinichagulia la kiume, zito, linalofika magotini, na mabega yake yangewatosha akina Tonton wawili.

"Mama, hii ni ya mwanaume."

"Baridi ya huku haiulizake kama uko mwanaume ao mwanamuke. Vaa."

Nikavaa. Akanizungusha. Akacheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka, na jirani wa chini akagonga dari yake.

12 Oktoba

Mvua. Alama sabini kwenye biolojia! Nimeandika barua pepe kwa Tantine, Grâce amsomee. Grâce ni binti yao, ana miaka tisa, sasa anajibu kila kitu kwa Kiingereza.

22 Oktoba

Mama Nyirangabo amebaki na mtoto mmoja tu, Umurerwa, anayeishi Buffalo, mji ulio mbali kaskazini-mashariki, na mume wake Rurangwa. Ana mimba, atajifungua mwisho wa Januari. Mama ameshanunua kitambaa cha kumbebea na amekikunja juu ya televisheni. Anachoogopa ni safari. Hajui kusoma, hajawahi kupanda basi la mbali peke yake, na Kiingereza chake ni "good morning" na "no problem".

"Watakuandikia kwenye karatasi, mama," nikamwambia.

"Na karatasi ikianguka?"

Jumamosi, 31 Oktoba

Leo ni ile siku Waamerika wanavalisha watoto kama mashetani. Nilisahau kumwambia. Mlango ukagongwa, akafungua, akakuta vitu vitatu vidogo vyenye meno ya damu. Kwanza alikemea pepo, kwa sauti ya kanisani Shively. Halafu mmoja akainua kinyago ili apumue, akaonekana mtoto wa miaka mitano mwenye kamasi.

"Maskini! Batoto ba batu!" Akawaingiza ndani, akawaketisha kwenye kochi, akawapa kila mmoja ndizi na chapati, akawawekea mkono kichwani na kuwaombea. Mzazi wao alikuwa kwenye ngazi anacheka machozi. Walipoondoka akaniuliza kwa huruma kwa nini nchi tajiri inatuma watoto kuombaomba na giza linaingia.

5 Novemba

Baridi haijaja. Koti limening'inia, linanitazama.

Alhamisi, 12 Novemba

Nilikuwa nakata vitunguu, simu nimeiweka mezani kwa sauti kubwa, nikiongea na Tantine. Tonton akachukua simu. Sikuwahi kuzima ile sauti.

"Bado uko kwa ule mama?"

"Ndiyo, Tonton."

"Unakula chakula yake?"

"Tonton..."

"Nzigire, nakuambia sawa baba yako. Usikulake chakula yake. Bale batu hauwajue. Sumu haina harufu."

Mama Nyirangabo alikuwa jikoni, hatua chache kutoka kwangu, anasonga bugali. Mwiko haukusimama. Nilikata simu bila kuaga. Nilitamani sakafu ifunguke niingie kwa jirani wa chini.

Aligeuza bugali kwenye sahani, akaleta sombe, kisamvu chetu, akaketi mbele yangu. Kisha akanyoosha mkono upande wangu wa sahani, akamega pale ambapo mimi ningemega, akachovya, akala, akameza. Akafungua mikono yote miwili juu ya meza.

"Sasa kula."

"Mama, unisamehe. Tonton hafahamu."

"Anafahamu," alisema. "Balimuua nani yake?"

Nikamweleza habari za Masumbuko. Alisikiliza mpaka mwisho. Chakula kilikuwa kinapoa, sisi wote tunakitazama.

"Mimi pia," alisema. "Bwana yangu na batoto babili, bavulana. Batu ya bunduki balikuja asubui. Balitusalimia kwanza: 'Jambo, mama.' Kiswahili ya Bukavu, tamu, sawa yako. Ile siku uliingia hapa na ukaniambia 'Jambo, mama', nilikuitikia muzuri, nikakupa chai. Halafu nikaenda kwa chumba yangu, nikaweka kiti nyuma ya mulango."

"Mama! Na mimi niliweka kiti."

Alinitazama. Kisha mdomo wake ukaanza kucheza pembeni, akaangua kicheko, akacheka na machozi yanateremka, na mimi nilikuwa nalia tu, sikujua kucheka kumetoka wapi kumeniingia na mimi.

Tulikula. Bugali ilikuwa imekuwa ngumu kama tofali.

13 Novemba

Leo nimemwambia asali kwa lugha yake. Mgongo bado ulijikunja kidogo. Nikauacha ujikunje, nikaendelea kuosha vyombo.

Jumatatu, 23 Novemba

Rurangwa amepiga simu kutoka Buffalo. Umurerwa amelazwa. Presha ya damu imepanda mno, kichwa kinamuuma, haoni vizuri. Madaktari wanasema labda watamtoa mtoto kabla ya wakati, ili Umurerwa asife. Mimba ni ya miezi saba.

Mama Nyirangabo alisikiliza, akanirudishia simu, akaenda chumbani kuvaa viatu. Alirudi akasimama katikati ya sebule na kitambaa cha kubebea mtoto mkononi, na viatu vyake miguuni, na hakujua mlango wa kuelekea Buffalo uko upande gani.

Kesho mchana nina mtihani wa maabara wa biolojia. Nilimwandikia mwalimu. Akajibu kwa upole kwamba anasikitika, lakini mtihani wa maabara haurudiwi, na kwa sheria ya darasa ugonjwa wa binti wa mwenye nyumba si ugonjwa wa familia.

Nimekata tiketi mbili.

Jumatano, 25 Novemba, Buffalo

Naandika nikiwa kwenye viti vya hospitali. Nianze jana.

Basi lilitoka Louisville asubuhi. Mama aliketi dirishani, begi la chapati magotini, midomo inacheza, anasali bila sauti. Adhuhuri tulifika Columbus, ambako tulitakiwa kubadilisha basi. Kumbe wiki hii Amerika yote inarudi nyumbani kula bata mzinga. Basi la Buffalo lilikuwa limejaa, na majina yetu hayakuonekana. Msichana wa dirishani alisema lingine ni kesho jioni. Nilimwonyesha tiketi. Akasema pole. Nikamweleza habari za hospitali. Akasema pole tena, na nadhani aliimaanisha.

Mama hakuuliza nimeambiwa nini. Alikuwa anausoma uso wangu.

Nilimpigia Tantine, mtu pekee ninayemjua katika mji huo. Nilitaka tu pahali pa kumlaza mama. Tantine haendeshi. "Usitoke hapo," alisema. "Namuamusha Tonton." Tonton alikuwa ametoka kazini asubuhi, amelala.

Tonton alikuja na macho mekundu. Mama Nyirangabo akasimama, akamsalimia kwa mikono miwili. "Jambo, baba." Tonton alitazama ile mikono. Akachukua begi langu, akachukua na la mama, mikono yake yote ikawa imejaa, akatangulia mbele.

Nyumbani kwao, Tantine alimkumbatia mama kama ndugu, akamketisha, akapika haraka. Grâce alikaa karibu naye akamwonyesha michoro yake, yeye kwa Kiingereza, mama kwa Kiswahili, wakaelewana. Tonton aliingia chumbani akafunga mlango.

Simu ikalia. Rurangwa. Alikuwa analia, na mwanaume mzima akilia kwenye simu nyumba nzima inasikia. Wanampeleka Umurerwa kwenye upasuaji. Mtoto wanajaribu kumwokoa. Umurerwa naye wanajaribu.

Mama Nyirangabo alishuka kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni, taratibu. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, kwa lugha yake, na lile neno nililijua, maana mimi mwenyewe nilimtafsiria. Alikuwa anamwambia mtoto wake aliye mbali asiogope. "Humura. Humura, mwana wanje."

Tantine alikuwa ameshika sufuria hewani. Mlango wa chumba ukafunguka. Tonton alikuwa amevaa, funguo mkononi. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi.

"Muambie mama avae viatu."

"Tonton, leo usiku uko na kazi."

"Nimeshaita chef wa kazi. Muambie avae viatu."

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Mama mbele, mimi nyuma. Tonton alisema tu, "Mama, funga mukanda," na alipoona mama hawezi, alinyoosha mkono akamfungia. Tukapita Cleveland. Tulipoanza kuliona ziwa upande wa kushoto, jeupe kama bati, mama akauliza kama ni Tanganyika. Tonton karibu acheke.

"Apana, mama. Tanganyika iko mbali."

Halafu Tonton, macho barabarani:

"Mudogo yangu balimuua ku barabara ya Uvira. Batu ya luga yako."

Mama alikuwa anatazama mbele.

"Nzigire aliniambia. Pole sana, baba."

Hakusema "si mimi". Hakusema "hata sisi". Pole tu. Gari likaenda, likaenda. Tulipita malori mengi. Ni Tonton aliyeuliza tena, sauti imeshuka.

"Na wewe mama, bwana yako iko wapi?"

"Bamemuua. Na batoto babili."

"Nani?"

Mama hakujibu. Tonton aliusikiliza ule ukimya mpaka akauelewa: watu wa kwetu. Niliona shingo yake, kutoka nyuma, ikiinama.

"Pole, mama," alisema. Kisha tena: "Pole sana. Pole ya kweli."

Karibu na Erie tulisimama kuweka mafuta. Tonton alirudi na chai tatu. Mama akafungua begi lake, akatoa chapati, akanipa moja. Akamnyooshea Tonton nyingine, mkono ukabaki hewani, maana alikumbuka. Wote watatu tulikumbuka. Alianza kuurudisha mkono.

Tonton aliichukua. Akaikunja, akaila yote huku gari likiingia barabarani, mkono mmoja kwenye usukani. Nilitazama nje ya dirisha, kwa sababu sikuweza kutazama ndani.

"Iko ingine?" aliuliza.

Tulifika Buffalo giza limeingia. Rurangwa alikuwa mlangoni pa hospitali, kijana mrefu aliyechoka, alimkumbatia mama mkwe wake, kisha akamkumbatia Tonton bila kuuliza ni nani. Umurerwa alikuwa hai. Mtoto alikuwa hai. Msichana, mdogo kama mkate, kwenye sanduku la kioo lenye mirija na taa.

Nesi alituzuia: wanafamilia tu, wawili wawili. Niliingia na mama ili nimtafsirie. Sitaandika alivyomwangalia yule mtoto. Tulipotoka, Tonton alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho cha ukumbi, kofia magotini, kama dereva anayesubiri kulipwa nauli. Mama akamwendea.

"Ingia, baba. Uende umuone."

"Apana, mama. Ni ya familia."

Mama akageuka kwa nesi. Alinyoosha kidole kwa Tonton, na kwa Kiingereza, yeye mwenye maneno manne, akasema huyu ni kaka yake. Sijui aliyatoa wapi. Nesi alimtazama mwanamke mrefu mwembamba, akamtazama mwanaume mfupi mwenye mabega, akafungua mlango.

Tonton alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alinawa kwa muda mrefu sana. Kisha akaingia.

Jumapili, 29 Novemba, Louisville

Nimerudi peke yangu. Mama amebaki na binti yake. Nyumba ina sauti ya friji tu. Nimesoma kwa sauti mezani, hakuna aliyesinzia.

30 Novemba

Sifuri kwenye mtihani wa maabara. Nitarudia biolojia muhula ujao, na uuguzi utasubiri. Sijutii. Bon, Ijumaa nilijuta, nusu saa hivi, chini ya blanketi.

7 Desemba

Nimemsomea Sipriani ukurasa mmoja wa humu, ule wa mashetani na chapati. Alinyamaza. Kisha akasema, "Dada, dada yangu anatafuta chumba. Huyo mama atarudi?" Nikamwambia mama anabaki Buffalo. Dada yake atahamia Januari.

14 Desemba

Kiingereza nimefaulu. Bi. Brenda aliniandikia "vizuri sana" kwa kalamu ya kijani. Nje kuna joto, watu wanatembea na mikono wazi, Desemba gani hii. Tantine anasema kila Jumapili baada ya chakula Tonton anatoka nje kwenye veranda na simu, anarudi anatangaza uzito wa mtoto kama mtu anayesoma matokeo ya mpira.

Jumanne, 22 Desemba

Tonton alikuja jana kunichukua, pamoja na Grâce. Tantine tutampitia Columbus leo jioni, halafu wote Buffalo, tukale Noeli huko. Asubuhi hii mama alipiga simu kwamba wanawake wa kanisa lake wamekusanya vitu vya mtoto, kama tunaweza kupita Shively. Nilisema nitateremka mimi, itachukua dakika tano.

"Nitakusaidia kubeba," Tonton akasema.

Kanisani kulikuwa na masanduku, na wanawake, na wazee kadhaa waliokuwa wanapanga viti vya Noeli. Wote walikuwa wanasema lugha yao. Tonton alisimama mlangoni. Niliona mkono wake unaishika fremu. Mzee mmoja mrefu, jina lake Sebineza, akaja akamsalimia kwa Kiswahili, akamuuliza ametokea wapi. Tonton akasema Kabare, jirani na Bukavu. Mzee akauliza Kabare gani. Tonton akataja kilima. Mzee akavuta kiti.

Mimi na Grâce tulibeba masanduku yote. Tuliyapanga garini. Tulirudi tukamkuta Tonton ana kikombe cha chai ya maziwa, na wazee wanne wamemzunguka, na mjadala ni wa ng'ombe: kama wale wa kwetu Bushi ndio wenye maziwa mengi, au wale wa milimani kwao. Tonton alikuwa amevua koti. Alikuwa anapiga meza.

"Tonton, tutachelewa."

"Ngoja. Muzee hajamaliza."

Mzee alikuwa hajamaliza. Tonton pia alikuwa hajamaliza. Tuliondoka alasiri imeshaingia, mvua ya joto inanyesha, na wazee walitusindikiza mpaka kwenye gari bila miavuli.

Tuliingia barabara kuu.

"Ule muzee," alisema, "alikuwaka anauzia baba yangu ng'ombe. Anakumbuka jina yake." Akatikisa kichwa. "Anakumbuka hata baba alikuwaka anapenda kupunguza bei."

Grâce alikuwa nyuma, amebanwa kati ya masanduku ya nguo ndogo ndogo. Aliuliza kwa Kiingereza kama huyo mtoto tunayemwendea ni ndugu yetu, na kama ni ndugu, ni nani wetu, maana shuleni watamuuliza alikwenda wapi Noeli.

Tonton aliiacha mvua ipanguswe kwenye kioo mara kadhaa.

"Ni mudogo yako," alijibu. "Balisema atatoka ospitali kesho asubui. Fungeni mikanda."

Akaongeza mwendo.